Herufi Thelathini na Nne za Mwalimu Raiya

Yaseen ametengeneza simu za watu wa Malindi kwa miaka kumi na saba, na hajaona mtu mgumu kumfundisha simu kama Mwalimu Raiya. Si kwamba mwalimu haelewi. Anaelewa, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Ukimwambia abonyeze hapa, atauliza hapo pana nini, na ni nani aliyesema ni hapo wala si pale. Mteja wa kawaida humaliza shida yake dukani kwa dakika tano akaenda zake. Mwalimu Raiya akija, Yaseen huagiza chai mbili kabisa.

Na shikamoo yake huitoa akiwa wima, maana bibi huyu ndiye aliyemfundisha kusoma. Mwalimu Raiya amesomesha chuo cha Kurani katika ukumbi wa nyumba yake, mtaani Shela, kwa miaka arubaini kasoro kidogo. Wanaume wazima na vitambi vyao, wakipita mbele ya baraza lake, hushusha sauti. Mtindo wake ni ule wa tangu na tangu, alifu kwa kijiti. Mwanafunzi hupewa kijiti cha ukuti, akiweke juu ya herufi, aitaje, wala asihame mpaka mwalimu aitikie. Anayeruka herufi huanza upya kutoka juu ya ukurasa. Yaseen alianzishwa upya mara nyingi hata mamake akadhani mtoto ana kigugumizi.

Chuo chenyewe hakimlishi. Wazazi hutoa walicho nacho, na wengine hutoa dua. Riziki ya mwalimu ni kofia za mkono, zile ambazo kila tundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, moja ikachukua miezi miwili kuisha. Mnunuzi wake ni Hilal, mtu wa ukoo wa hapa hapa aliyehamia Maskati kule Omani, ambako wanaume hawaoni taabu kulipa fedha nyingi kwa kofia iliyoshonwa na mtu aliyetulia. Mwalimu Raiya katulia. Kofia yake huijui mbele wala nyuma kwa usafi wa uzi.

Pesa za Hilal zilikuwa zikija zimemegwa, kila mkono uliozipitisha umechukua chake. Mwisho Hilal akasema, ewe Bi Raiya, nikutumie dola za mtandaoni, sarafu isiyoshikika, moja yake sawa na dola moja, inafika kwa dakika na haikatwi kitu cha maana. Mwalimu hakujibu ndiyo wala la. Alimhoji Yaseen wiki nzima. Hizo dola zinakaa wapi? Kwenye pochi iliyomo ndani ya simu. Simu ikitumbukia chooni? Pochi hurudishwa kwenye simu nyingine kwa maneno kumi na mawili ya siri. Na mwenye maneno hayo?

"Mwenye maneno ndiye mwenye pesa, mwalimu. Hakuna wa kumshtakia."

"Basi toka nje," akasema Mwalimu Raiya.

Yaseen akatolewa katika duka lake mwenyewe, akasimama juani na wateja wakimcheka, huku mwalimu akiyanakili maneno yake kwa macho yaliyokwisha kuwa hafifu. Yalikuwa maneno ya Kizungu, mengine hajui maana yake, lakini mtu aliyehifadhi juzuu thelathini hashindwi na maneno kumi na mawili. Aliyatia kichwani siku ile ile. Karatasi yake aliificha, na wapi, hajui mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka uliopita alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu nyingi, akijidai yeye ni mhudumu wa pochi na anaomba maneno yale ili ayahakiki. Mwalimu akamwambia, "Haya mwanangu, anza wewe kusoma yako, nikusikize." Kijana akakata simu.

Basi pesa zikawa zinaingia kwenye pochi, na mwalimu akizilimbikiza kidogo kidogo, huku macho yake yakienda upande wa pili. Alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. La kulia lilikwisha kufunga ukungu mweupe kabisa. La kushoto lilibaki na nuru ya kumwonyesha mwanga, vivuli, na wino mzito ukiusogeza puani. Kofia zake za mwisho alizishona kwa vidole. Aliyemtungia uzi sindanoni ni Kadzo, jirani yake, Mgiriama aliyehamia hapo Shela kutoka Junju na mumewe, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi, aliyekuja kila asubuhi na kumwachia sindano ishirini zimetungwa na kuchomekwa kwenye mto.

Yaseen alipomwuliza kwa nini asiende hospitali, mwalimu alimjibu, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Methali nzuri, lakini Yaseen aliichukia siku ile. Hakutaka kusikia habari ya kufa kitu chochote cha mwanamke huyu. Jamaa walipotaka kufanya mchango, mwalimu akawatimua. "Mchango ni wa maiti na wa harusi," akasema. "Mimi si maiti wala si biharusi. Nina changu."

Kweli alikuwa nacho. Kulikuwa na daktari bingwa aliyekuja Kilifi mara moja kila miezi minne, na alipompima alisema jicho la kulia limekomaa kupita kiasi, likiachwa mpaka safari yake ijayo litajaa presha na kufa moja kwa moja, na la kushoto nalo halitakuwa mbali. Nafasi ilipatikana siku ya Alhamisi. Malipo yawe yameingia Jumatano kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo nafasi anapewa mwingine, na wengine walikuwa wengi.

Hospitali haipokei sarafu zisizoshikika. Ilibidi dola zitoke kwenye pochi ya mwalimu ziende kwenye soko la sarafu, mahali pa mtandaoni ambapo huuzwa, na shilingi zikaingia kwenye simu. Yaseen alimfungulia akaunti huko majuma sita kabla. Soko likampa anwani yake ya kupokelea, herufi na tarakimu thelathini na nne zilizofuatana bila maana, kubwa na ndogo zimechanganyika. Watu wote duniani hubonyeza "nakili" wakaendelea na maisha yao. Mwalimu Raiya alitaka iandikwe.

"Yote, mwalimu?"

"Kwani wewe sura uliisoma nusu?"

Akaiandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja moja, kila moja kubwa kama ukucha wa kidole gumba, Yaseen akimtajia na yeye akirudia. "Q kubwa. M ndogo. Saba ya tarakimu." Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Wateja wawili walichoka wakaondoka, na Yaseen akawasindikiza kwa macho ya huzuni.

Jumatatu ya juma lile la hospitali walijaribu njia, barazani kwa mwalimu. Hapa Yaseen alikuwa mwalimu, na tuseme haki, alifundisha vizuri. Alimwonyesha kwamba sarafu ile ile ina njia nyingi za kupita, na njia iliyochaguliwa kwenye pochi lazima iwe ile ile iliyochaguliwa sokoni, maana ukipeleka kwa njia moja na mwenzio anapokea kwa nyingine, pesa zaweza kukwama pasipo na mtu wa kuzikwamua. Alimwonyesha pia kwamba njia ina nauli yake, sarafu kidogo ya kulipia safari, nayo iwemo pochini kabla. Kisha akasema wapeleke dola mbili tu kwanza, waone.

"Naam," mwalimu akaafiki. "Mchuzi huonjwa kabla ya kupakuliwa."

Dola mbili zikaenda, zikafika. Kadzo, aliyekuwa amekuja kutunga sindano na akabaki kutazama, akapiga kigelegele kama kwamba kumezaliwa mtoto. Zilizobaki hawakuzipeleka siku hiyo kwa sababu malipo ya kofia ya mwisho hayakuwa yameingia, na bila hayo fedha hazikutosha. Hilal alikuwa safarini. Jumanne ikapita. Jumatano saa saba mchana ndipo simu ya mwalimu ilipolia, na dola za Hilal zikawa zimeingia.

Yaseen alifunga duka, akaja mbio mpaka barazani kwa mwalimu, jasho likimtoka. Saa mbili zilikuwa zimebaki, na kuuza sarafu nako kuna kungoja kwake. Akaketi, akafungua pochi, na mwalimu akatia mwenyewe neno la siri la kuifungulia, ameugeuzia ukuta skrini. Kisha Yaseen akafanya lile ambalo fundi yeyote mwenye haraka angelifanya. Akafungua orodha ya safari za pesa zilizotoka, akaona anwani iliyokuwa juu kabisa, ya majuzi, akainakili, akaibandika. Akaangalia mwanzo wake, akaangalia mwisho wake, ni vile vile alivyovikumbuka.

"Tayari, mwalimu. Ni ile ile. Bonyeza hapa."

"Nisomee."

"Nimeshaiangalia, mwalimu. Nne za mwanzo sawa, nne za mwisho sawa. Jumatatu tulionja, zikafika."

"Yaseen." Alilitamka jina kwa utulivu, na mtu mzima yule akajiona ana miaka sita. "Sura uliyopewa jina lake ina aya ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Mtu akikusomea ya kwanza na ya mwisho, utasema amekhitimu?"

Kadzo akacheka. Yaseen hakucheka, alikuwa akiitazama saa. Mwalimu Raiya alikwisha kulifungua daftari mapajani, akalisogeza mpaka likaribie pua, na mkononi ana kijiti chake cha ukuti kimewekwa juu ya herufi ya kwanza.

Akasoma basi, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. "T kubwa." Kijiti kikahama. "Q kubwa." Kikahama. "M ndogo. Saba." Kikahama tena. "R kubwa."

Kijiti hakikuhama.

"Rudia," mwalimu akasema.

"R kubwa."

"Mimi hapa nina w ndogo."

Yaseen akalivuta daftari, akaitazama. W ndogo, nyeusi, haina shaka. Akatazama simu. R. Moto wa hasira ukampanda, nao ulikuwa na huruma ndani yake, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote. "Mwalimu, niwie radhi. Siku ile uliandika vibaya. Macho yako hayakuwa yakiona. Na sasa tunapoteza wakati, hospitali haitatungoja, ukilikosa jicho hili mimi nitajisamehe vipi?"

Hakuna aliyewahi kumtajia mwalimu macho yake kwa namna ile, barazani pake.

"Huenda," akasema Mwalimu Raiya, hakukasirika. "Macho yangu si ya kutegemewa. Endelea na ya sita."

"N kubwa."

"Mimi nina tatu ya tarakimu. Ya saba."

"D ndogo."

"Mimi J kubwa. Ya nane."

Wakaenda hivyo, huyu akitaja na huyu akikanusha, na kila herufi ilipokataa sauti ya Yaseen ilizidi kushuka, mpaka ikawa mnong'ono. Ishirini na sita za katikati hakuna hata moja iliyopatana. Nne za mwisho zikapatana zote.

Mwalimu akakiweka kijiti chini. "Nikikosea herufi moja, ni macho," akasema. "Nikikosea ishirini na sita, basi mimi si kipofu, ni mwendawazimu. Hebu ulize hilo soko lenyewe anwani yangu ni ipi."

Yaseen akafungua soko, akaenda mahali pa kupokelea, akaichukua anwani pale pale penye asili yake. Ilikuwa ile ya daftari. W ndogo ilikuwa mahali pake.

Akairudia ile orodha ya safari, na sasa akaisoma kama mtu asomaye, akaona alichokipita kwa haraka. Juu ya zile dola mbili za Jumatatu palikuwa na safari nyingine, ya sifuri, ambayo mwalimu hakuifanya. Mwizi asiyejulikana, pengine ng'ambo ya dunia, alikuwa ameona dola mbili zikipita, maana safari hizo huonekana na kila mtu. Akajitengenezea anwani ya kufanana na ya mwalimu kichwa na mkia, akaitia kwenye orodha kwa safari tupu, akakaa kungoja mtu wa haraka. Zile dola mbili za kuonja ndizo zilizomwita. Yaseen alikuwa amezisikia hila hizi, amewahi hata kuwaonya wengine dukani kwa sauti kubwa. Hakudhani kwamba zitamkuta yeye, na pesa si zake, na macho si yake.

"Mulungu wangu!" akasema Kadzo alipoelezwa. "Zingekwenda zote?"

"Zote."

"Na kurudi?"

"Hazirudi. Hakuna wa kumshtakia." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakimtoka, Yaseen akainama akajifuta uso kwa kofia yake. Aliona haya, na aliona hofu iliyochelewa, ile inayokuja baada ya gari kupita. Angekuwa ameyaua macho ya mwalimu wake kwa kidole kimoja, tena akijiona anamsaidia.

"Mwalimu, nisamehe."

"Kutojua si kosa, wala haraka yako haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mapenzi," mwalimu akamwambia. "Kosa lako ni lile lile la ukumbini pangu. Waruka. Haya, futa hiyo, bandika hii, tuanze juu."

Wakaanza juu. Mara hii Yaseen hakusoma kwa kulazimishwa. Alitaja, akangoja, mwalimu akaitikia, kijiti kikahama. Waliopita mtaani walidhani ni mtu mzima aliyeamua kurudi chuoni uzeeni, na hawakukosea sana. Walipomaliza ya thelathini na nne wakahakiki njia, ni ile ya Jumatatu. Nauli imo. Mwalimu akauliza kama waonje tena. Yaseen akasema ndiyo, waonje, ingawa saa nane ilikuwa imekwisha gonga. Dola moja ikaenda. Dakika nne zikapita, Kadzo akizunguka baraza. Ikaonekana sokoni. Hapo wakarudia kuichukua anwani kutoka sokoni penyewe, si kwenye orodha, wakaisoma yote mara ya pili, na Mwalimu Raiya akabonyeza mwenyewe.

Fedha zilifika, zikauzwa, shilingi zikaingia kwenye simu ya mwalimu, na malipo yakapokewa hospitalini saa tisa kasoro dakika kumi na moja. Yaseen hakuruka wala kushangilia. Alikaa pale barazani kitambo, mikono mapajani, akimtazama mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa akilifunga daftari lake kwa kamba. Amewajua mafundi wengi wenye shahada na vipawa. Hakumjua hata mmoja miongoni mwao ambaye angesimama pale kwenye herufi ya tano, jicho lake likiwa ndilo lililo hatarini, na saa ikimkimbiza, na mtu anayempenda akimpigia kelele kwamba amekosea, akasema kwa upole: endelea na ya sita. Alijiona mwenye bahati kufundishwa naye mara mbili.

Alhamisi mwalimu alipasuliwa jicho la kulia, kwa ganzi tu bila ya kulazwa usingizi, akisoma Kurani kwa mnong'ono muda wote mpaka daktari akamwuliza anazungumza na nani. Ijumaa asubuhi Yaseen na Kadzo walikuwepo chumbani muuguzi alipokuja kuitoa bandeji. Muuguzi akamwambia asilifumbue jicho kwa haraka. Akamwambia mtu sahihi kabisa.

Alilifumbua polepole. Akautazama ukuta, akalitazama pazia, akaitazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma. Akamwona Yaseen, akatabasamu. "Umenenepa," akamwambia, na Yaseen akacheka mpaka machozi yakamtoka, asijue ni ya kicheko au ya kitu gani.

Kisha mwalimu akageuka upande wa mlango, aliposimama mwanamke mwembamba mwenye leso ya bluu, mwanya katikati ya meno na kovu dogo juu ya nyusi. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni asiyemtarajia. Kadzo alihamia Shela miaka miwili iliyopita, ukungu ulipokuwa umekwisha kutanda.

"Nani wewe?" mwalimu akauliza.

Kadzo, ambaye hakosi neno kutwa wala kucha, safari hii alipata matatu tu, kwa sauti ndogo. "Ni mimi, mwalimu."

Sauti ile Mwalimu Raiya aliitambua. Mkono wake ukapanda mdomoni, na machozi, ambayo muuguzi alikuwa amemkataza, yakaanza kushuka.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Sogea hapa karibu, mwanangu, nikuone."